Kunyunyizia mrehani jasmoneti: jeni huamka kwa saa, mafuta huja kwa siku

Ukifikicha jani la mrehani, harufu inayokujia puani haikutengenezwa muda huo. Ilitengenezwa siku kadhaa nyuma, jani lilipokuwa changa, ikawekwa akiba ndani ya vitezi vidogo vilivyotapakaa juu ya ngozi ya jani. Vidole vyako vimevipasua tu. Jambo hili ndilo linalosahaulika zaidi na watu wanaojaribu kuongeza harufu ya mimea kwa homoni. Wananyunyizia leo, wanavuna kesho, wanapima mafuta, hawaoni tofauti, kisha wanaandika kwamba homoni haikufanya kazi. Mara nyingi ilifanya kazi vizuri tu, ila kipimo kilichukuliwa wakati usio wake.

Hapa nazungumzia mmea mmoja, mrehani wa kawaida (Ocimum basilicum), na homoni moja, jasmoneti, kwa sababu ndipo mambo yalipochunguzwa kwa kina na ndipo mtu mwenye maabara ndogo anapoweza kujaribu mwenyewe. Homoni nyingine nitazigusa kwa kifupi mbele.

Anza na vitezi vyenyewe. Chukua lenzi ya kukuza mara 20, geuza jani upande wa chini, lielekeze kwenye mwanga wa ubavuni. Utaona vidoto vinavyong'aa vilivyozama kidogo katika ngozi ya jani. Kila kidoto ni kitezi chenye kichwa cha seli 4, na juu ya seli hizo kuna kifuko kilichofunikwa kwa utando wa nta. Seli hutengeneza mafuta na kuyasukuma ndani ya kifuko. Vipo pia vitezi vidogo zaidi vyenye kikonyo, lakini akiba kubwa ya mafuta iko kwenye hivi vya seli 4. Ukihesabu vidoto kwenye jani changa na kwenye jani lililokomaa la mche huohuo, utaona kwamba jani changa limejaa vidoto vilivyosongamana, na lililokomaa lina vidoto vilivyoachana. Vitezi vingi huanza mapema sana, na jani linapotanuka vinasukumwa mbali. Kwa hiyo homoni inayofika kwenye jani lililokwisha kukomaa inaweza kubadili kinachotengenezwa ndani ya vitezi vilivyopo, lakini isitarajiwe kuongeza idadi yake. Idadi huongezeka kwenye majani yatakayochipuka baadaye.

Ndani ya vitezi hivyo kuna njia mbili kuu za kutengeneza harufu. Ya kwanza huanzia kwenye amino asidi fenilalanini. Kimeng'enya PAL huifungulia mlango, na baada ya hatua kadhaa hupatikana koniferili asetati, ambayo kimeng'enya eujenoli sinthasi huigeuza kuwa eujenoli. Hii ndiyo eujenoli ileile inayoipa karafuu ya Unguja na Pemba ukali wake, na jeni la kimeng'enya hiki lilielezwa mwaka 2006 kutoka kwenye mrehani huuhuu. Njia ya pili ni ya monoterpini: linaloli sinthasi huchukua jeranili difosfati na kutoa linaloli, ile harufu tamu iliyo laini. Kisha kuna wamaliziaji wanaobandika kikundi cha methili. Kimoja huitwa CVOMT, kinachogeuza chavikoli kuwa methilichavikoli yenye harufu ya anisi. Kingine ni EOMT, kinachogeuza eujenoli kuwa methilieujenoli. Vimeng'enya hivi viwili vinafanana mno, kiasi kwamba kubadili amino asidi moja tu, serini au fenilalanini katika nafasi ya 260 au 261, kunatosha kuhamisha upendeleo wa kimoja ufanane na wa mwenzake.

Hapo kuna onyo la kwanza la vitendo. Kama mbegu zako ni za aina ambayo kwa asili hutoa methilichavikoli, jasmoneti haitaigeuza iwe ya eujenoli. Homoni huongeza au kupunguza matumizi ya jeni zilizopo na zilizo hai. Jeni lililokufa kwa kasoro ya urithi halifufuki kwa kunyunyiziwa. Kwa hiyo tumia mbegu za aina moja inayojulikana, na kabla ya jaribio lolote pima mimea michache isiyotiwa kitu ujue ni ya harufu gani.

Sasa jasmoneti. Mmea huitengeneza wenyewe kutokana na asidi ya linoleniki iliyo kwenye utando wa kloroplasti, hasa unapotafunwa na viwavi au kujeruhiwa. Aina yake inayoruka hewani, methili jasmoneti, ilitambuliwa mwaka 1962 katika mafuta ya yasmini, ikajulikana kwanza kama manukato. Mwaka 1990 Edward Farmer na Clarence Ryan walionyesha kwamba mvuke wake peke yake, hata ule unaotoka kwenye matawi ya kichaka cha Artemisia tridentata yaliyofungiwa chombo kimoja na mche wa nyanya, unatosha kuufanya mnyanya utengeneze protini za kujikinga na wadudu. Shika hilo la mvuke, tutalirudia kwenye makosa.

Seli inapokuwa imetulia, protini ziitwazo JAZ huishikilia protini nyingine, MYC2, na kuizuia isiwashe jeni. Jasmoneti inapopanda huunganishwa na amino asidi isolusini, na kiungo hicho huifanya JAZ inaswe na protini COI1. Ikishanaswa hutiwa alama ya ubikwitini, kisha husagwa. MYC2 hubaki huru, hushika mfuatano wa DNA wa CACGTG au unaokaribiana nao kwenye sehemu ya mwanzo ya jeni, na unakili wa RNA, yaani nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili kuunda protini, huanza. Protini za JAZ zilielezwa mwaka 2007, na sehemu kubwa ya haya ilifumbuliwa kwenye Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, lakini mfumo huo umehifadhiwa katika mimea mingi inayotoa maua.

Miongoni mwa jeni za kwanza kabisa kuwashwa na MYC2 ni zile za JAZ zenyewe. Mmea unapofungua breki, papo hapo huanza kutengeneza breki mpya. Kwa hiyo mnyunyizo mmoja ni mshtuko wa muda: RNA hupanda, hufika kilele, hushuka. Ukichukua sampuli saa 48 baadaye ukakuta kila kitu kimerudi pale kilipokuwa, hujathibitisha kwamba hakuna kilichotokea. Mafuta nayo yana saa yake. RNA lazima isomwe, kimeng'enya kiundwe, malighafi ipite hatua zote, na kifuko kijae. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Kwa hiyo weka ratiba mbili tangu mwanzo: kwa RNA chukua sampuli saa 0, 1, 3, 6, 12, 24 na 48 baada ya kunyunyizia, kwa mafuta chukua siku ya 3, ya 5, ya 7 na ya 10. Ukilazimika kupunguza kwa ajili ya gharama, usiiondoe saa 1 wala saa 6.

Kipimo kilichotumika sana kwa mrehani ni milimola 0.5. Uzito wa molekuli ya methili jasmoneti ni 224.3, kwa hiyo milimola 0.5 ni miligramu 112 kwa lita, sawa na takriban mikrolita 110 za kimiminika chenyewe. Usiidondoshe moja kwa moja kwenye maji. Itaelea kama mafuta, mimea michache ipate dozi kali na mingine isipate kitu. Tengeneza akiba kwanza: mililita 1 ya methili jasmoneti kwenye mililita 9 za ethanoli. Kisha chukua mililita 1.1 ya akiba hiyo, itie kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotoneshwa, pamoja na mililita 0.5 ya Tween 20, sabuni ya maabara, ili matone yatandae kwenye jani lenye nta. Tikisa kwa nguvu, na uendelee kutikisa kila unaponyunyizia mimea michache. Itumie siku hiyohiyo. Kama ni mara ya kwanza, weka pia milimola 0.1 na milimola 1 uone mwelekeo. Kadiri unavyopanda ndivyo ukuaji unavyodumaa na majani ya chini yanavyoanza kugeuka manjano.

Mimea ya ulinganisho inyunyiziwe maji yenye ethanoli na Tween 20 kwa kiasi kilekile. Maji matupu hayafai, maana ethanoli na sabuni hugusa nta ya jani, na hata kule kunyunyiziwa tu ni mguso ambao mmea huuhisi. Jeni kadhaa za jasmoneti huamka kwa kuguswa.

Nyunyizia jioni, kuanzia saa 11 hadi saa 12, jua likiwa limepungua, mpaka jani lilowe upande wa juu na wa chini bila kuchuruzika. Mimea iwe na majani sita hadi manane ya kweli, na iwe imemwagiliwa saa chache kabla. Mche wenye kiu tayari umepandisha homoni nyingine, asidi absisiki, na hutaweza kutofautisha nani amefanya nini.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuweka makundi mawili chumba kimoja. Methili jasmoneti huruka. Mche wa ulinganisho uliokaa mita moja kutoka kwa mche ulionyunyiziwa, ndani ya kitalu kilichofungwa, huvuta mvuke na jeni zake huwaka. Matokeo yake ni kwamba makundi yote mawili hupanda, tofauti hutoweka, na mtu hukata tamaa. Tumia vyumba viwili, au nyunyizia nje upande wa chini ya upepo na uziache sufuria huko mpaka majani yakauke kabla ya kuzirudisha. Wa ulinganisho ndio wanaotangulia kunyunyiziwa kila mara, na glavu hubadilishwa. Kuna mtego mwingine hapo hapo: masaa ya mwanzo jani lililonyunyiziwa hunukia yasmini. Hiyo ni dawa iliyobaki juu ya jani, si mrehani. Usihukumu kwa pua siku ya kwanza, na majani ya jaribio yasiende jikoni, kwani kemikali ya maabara haikuandaliwa kwa chakula.

Kuchukua sampuli za RNA kunahitaji mkono mwepesi. Kukata jani ni kulijeruhi, na jasmoneti ya mmea wenyewe hupanda ndani ya dakika chache. Kata jani, litumbukize kwenye nitrojeni ya kimiminika papo hapo, kisha nenda kwenye mche unaofuata. Usikusanye majani kumi mkononi ndipo uende kwenye chombo. Usirudie pia mche uleule kwa saa inayofuata, maana ule ni mche uliojeruhiwa. Panga mimea tofauti kwa kila saa, isipungue mitano kwa kila kundi. Chagua jozi ileile ya majani kwa mimea yote, ya pili kutoka juu kwa mfano. Na kila unapochukua sampuli ya mnyunyizo, chukua ya ulinganisho muda huohuo. Jeni za monoterpini hufuata mwanga na saa ya ndani ya mmea, kwa hiyo kulinganisha jani la saa 3 asubuhi na la saa 10 jioni ni kulinganisha asubuhi na jioni.

Mrehani ni msumbufu kwenye kutoa RNA. Umejaa polifenoli, hasa asidi ya rosmariniki, ambazo zikikutana na hewa huoksidika na kujibandika kwenye RNA. Utaliona kosa kwa macho: punje chini ya kichupa huwa ya kahawia badala ya kuwa nyeupe au isiyo na rangi. Tumia miligramu 100 za jani lililosagwa likiwa bado limeganda, kwenye myeyusho wa CTAB (sabuni inayopasua seli) asilimia 2 wenye PVP (inayonasa polifenoli) asilimia 2, kloridi ya sodiamu mola 2, na beta-mekaptoethanoli asilimia 2 inayoongezwa dakika za mwisho ndani ya kabati la moshi. Pasha kwa nyuzi 65, safisha kwa klorofomu mara mbili, kisha ifanye RNA ijitenge na kutuama chini kwa kloridi ya lithiamu mola 2 hadi 2.5 usiku kucha kwa nyuzi 4. Lithiamu huiacha DNA nyingi na sukari ndefu zikielea. Pima usafi kwa mwanga: uwiano wa ufyonzaji wa nanomita 260 kwa 280 (260/280) uwe karibu na 2.0. Kama 260/230 iko chini ya 1.5, rudia usafishaji. Ukiendelea na RNA chafu, kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA kitazuiwa, na utadhani jeni limezimwa.

Kwenye mashine ya PCR, inayozidisha nakala za DNA ili zihesabike, kila mzunguko ni kuzidisha mara mbili ukiwa na vianzishi (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) vinavyofanya kazi sawasawa. Tofauti ya mizunguko 3 ni takriban mara 8. Tumia angalau jeni mbili za marejeo, yaani zisizobadilika ambazo nyingine hulinganishwa nazo, na uhakikishe kwanza kwamba hazihami baada ya jasmoneti. Watu huchukua aktini kwa mazoea bila kuijaribu. Kwa shabaha weka JAZ moja, PAL, eujenoli sinthasi na linaloli sinthasi. JAZ ni shahidi wako: kama haikupanda saa 1 baada ya mnyunyizo, dawa haikufika ndani ya jani au imeharibika, na hakuna haja ya kutumia fedha kupima zilizobaki. Jua pia kwamba RNA ya jani zima imechanganya seli za vitezi na bahari ya seli nyingine. PAL inatumika jani zima, kwa hiyo kupanda kwake kunaweza kuwa kwa ajili ya asidi ya rosmariniki na wala si eujenoli. Wenye uwezo huvikwangua vitezi kwa shanga ndogo za kioo ndani ya maji baridi, wakavichuja, wakatoa RNA yake peke yake. Kazi hiyo ni ndefu, lakini jibu lake haliachi shaka.

Wala usitarajie kwamba jeni likipanda mara 8, mafuta yatapanda mara 8. Malighafi ina kikomo, kifuko kina ukubwa wake, na baadhi ya harufu hupotea hewani.

Kupima mafuta kwa mimea michache, usihangaike na mtambo wa mvuke. Loweka miligramu 100 za jani kwenye mililita 1 ya heksani, pamoja na kiasi kinachojulikana cha kemikali ambayo haipatikani kwenye mrehani ili iwe kipimo cha ndani, kisha peleka kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha kila harufu na kuipima. Ukitumia mtambo wa Clevenger, unaotoa mafuta kwa mvuke, kwa mavuno makubwa, kumbuka eujenoli ni nzito kuliko maji. Matone yenye eujenoli nyingi huzama na kurudi kwenye chungu, nawe ukasoma mafuta pungufu. Tia mililita 0.5 ya zailini iliyopimwa juu ya maji ili iyakamate, kisha iondoe kwenye hesabu.

Kuna mtego wa urefu ambao umepotosha matokeo mengi, na nausisitiza. Katika aina ya Genovese Gigante imeonekana kwamba miche mifupi, hadi sentimita 10, ina methilieujenoli zaidi, na ile mirefu kuliko hapo ina eujenoli zaidi. Sasa jasmoneti hudumaza. Baada ya siku 10, kundi lililonyunyiziwa ni fupi kuliko la ulinganisho. Ukiona methilieujenoli imezidi kwa wafupi, je, ni homoni iliyoiamsha EOMT, au ni umri wa mmea uliocheleweshwa? Hutajua, isipokuwa uwe na kundi la tatu la miche isiyonyunyiziwa iliyopandwa siku chache baadaye, yenye urefu sawa na ile iliyodumaa. Kundi hilo ni rahisi kuliko kemikali zote nilizotaja, na karibu kila mara husahaulika.

Udumavu huo unaingia pia mfukoni. Chukua mfano: mche wa ulinganisho una gramu 30 za majani yenye mafuta asilimia 0.20, yaani miligramu 60. Ulionyunyiziwa una gramu 20 zenye asilimia 0.30, nazo ni miligramu 60 zilezile. Asilimia imepanda kwa nusu nzima, na mkulima hajapata hata tone la ziada. Kwa anayeuza majani ya kunukia kwa uzito, amepata hasara. Toa takwimu zote mbili kila mara, asilimia na jumla kwa mche.

Homoni nyingine kwa ufupi. Asidi ya salisiliki hutumika kwa milimola 1, yaani miligramu 138 kwa lita. Iyeyushe kwenye ethanoli kidogo kwanza na usogeze pH hadi karibu 6 kwa hidroksidi ya potasiamu, la sivyo inachoma majani. Usiichanganye chupa moja na jasmoneti ukidhani utapata faida mara mbili, kwa sababu njia hizi mbili mara nyingi hukandamizana. Jiberelini hurefusha shina na kuvunja protini za DELLA, breki za ukuaji, ambazo kwa kawaida huishika JAZ na kuiondoa njiani. Kwa hiyo ukuaji wa kasi na ulinzi huvutana. Oksini inayoshuka kutoka kwenye kilele huzuia machipukizi ya pembeni. Ukikata kilele juu ya jozi ya tatu ya majani, machipukizi mawili huamka, na kila moja huleta majani machanga yenye vitezi vilivyosongamana. Hiyo ni kazi ya homoni isiyohitaji dawa yoyote, na kwa shamba la kawaida faida yake ni ya uhakika kuliko jasmoneti. Kata asubuhi kwa wembe safi, na uondoe kila shada la maua linapoanza, kwani mche ukishaingia kwenye maua hupunguza kutoa majani mapya.

Wanaolima ndani ya kitalu waangalie paa pia. Mrehani unahitaji mionzi ya UV-B, sehemu ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ili vitezi vyake vijae. Unapoikosa, vifuko hubaki vimesinyaa hata kama mmea ni wa kijani na wenye afya. Kioo na plastiki nyingi za kitalu huizuia. Kabla ya kununua homoni yoyote, toa sufuria tano nje kwenye jua la asubuhi kwa wiki mbili, kisha linganisha vidoto vya majani yaliyochipukia huko na ya ndani kwa lenzi ileile ya mara 20.